Sauti ya upande mmoja na matatizo mengine ya kugeuza mono kuwa stereo kwa ffmpeg na SoX

Malalamiko yanayonifikia kuhusu kugeuza rekodi za mono (chaneli moja ya sauti) kuwa stereo (chaneli mbili, kushoto na kulia) yanafanana sana. "Nimegeuza kuwa stereo lakini sikio la kulia halisikii kitu." "Sauti imeshuka." "Msemaji anaongea mbio kama kasuku." "Amri imeshughulikia faili la kwanza tu, yaliyobaki imeyaruka." Wengi huwa wameandika amri sahihi, ila kwa faili ambalo hawakulikagua. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu ninayokutana nayo mara nyingi, na ukaguzi mwepesi kabla ya dawa kali.

Zana ni mbili, zote za kuandikia amri kwenye terminali. Ffmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, inafungua karibu kila aina ya faili, video zikiwemo. SoX ni kongwe zaidi, na toleo lake rasmi la 14.4.2 ni la mwaka 2015, lakini kwa WAV na FLAC bado naipenda kwa sababu amri zake ni fupi na vipimo vyake vinasomeka. Kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install ffmpeg sox libsox-fmt-all

Kwenye Mac ni `brew install ffmpeg sox`. Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu ya Android yenye Termux (programu ya terminali): `pkg install ffmpeg sox`, kisha `termux-setup-storage` ili programu iruhusiwe kuona mafaili ya simu. Ukiiruka hatua hiyo ya pili utaambiwa `Permission denied`, na utazunguka sana ukitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Tahadhari moja kabla hujagusa chochote: nakili faili asili kwenye folda nyingine. Ffmpeg ukiipa jina lilelile la kuingiza na la kutoa inakataa. SoX haikatai wala haiulizi. Niliwahi kuandika `sox mahojiano.wav -c 2 mahojiano.wav` saa nne usiku nikiwa nimechoka. SoX ikalifungua faili ili iandike juu yake kabla haijamaliza kulisoma, na mahojiano ya mzee mmoja ya saa nzima yakabaki ganda tupu. Sikuwa na nakala. Nilirudi kwake kumwomba tuanze upya. Alikubali, lakini hadithi hazikutoka vilevile.

Kwanza liulize faili lenyewe

ffprobe -v error -select_streams a:0 -show_entries stream=codec_name,channels,channel_layout,sample_rate -of default=nw=1 asili.wav

Angalia mstari wa `channels`. Ukisema 1, hiyo ni mono halisi. Ukisema 2, usikimbilie kufurahi, kwa maana mafaili ya aina tatu hujibu 2: stereo ya kweli, mono iliyovishwa kanzu ya stereo (pande zote mbili zina kitu kilekile), na faili lenye sauti upande mmoja huku wa pili ukiwa mtupu. Kuyatofautisha, tumia SoX:

sox asili.wav -n stats

Utaona safu za `Overall`, `Left` na `Right`. Tazama `Pk lev dB` (kilele cha sauti) na `RMS lev dB` (wastani wa nguvu yake) za kila upande; dB ni desibeli, 0 ndiyo juu kabisa, na namba ikizidi kuwa hasi sauti ni ndogo zaidi. Upande mtupu kabisa huandikwa `-inf`. Kinasa sauti cha bei rahisi hakitoi utupu kamili, hutoa mvumo mdogo, kwa hiyo ukiona kushoto kuna -18 na kulia kuna -70, upande wa kulia uhesabu kuwa mtupu. Kama faili ni MP4 au M4A, ambazo SoX haizifungui, ligeuze kwanza: `ffmpeg -i asili.m4a muda.wav`.

Sehemu kubwa ya yanayofuata inategemea jibu la ukaguzi huu.

Dalili: sauti inatoka upande mmoja tu

Anza na vifaa. Plagi ya hedifoni isiyoingia hadi mwisho, waya uliokatika karibu na jeki, au mizani ya kushoto na kulia iliyosukumwa upande mmoja kwenye mipangilio ya simu, vyote huleta dalili hii, na hakuna amri itakayoviponya. Tengeneza mlio wa kushoto pekee na wa kulia pekee:

sox -n -r 44100 -c 2 kushoto.wav synth 3 sine 440 remix 1 0
sox -n -r 44100 -c 2 kulia.wav synth 3 sine 440 remix 0 1

Ukisikia yote mawili, kila moja mahali pake, vifaa vyako ni vizima. Rudi kwenye faili.

Sababu inayofuata, na ndiyo inayowachosha watu, ni kwamba faili tayari lina chaneli mbili na moja ni tupu. Hutokea sana kwa maikrofoni moja iliyochomekwa kwenye kinasa cha stereo, na kwa kamera zenye tundu la maikrofoni. Mtu anaandika `-ac 2`, ffmpeg inaona chaneli tayari ni mbili, inapitisha kila kitu kama kilivyo. Haijakosea; umeiomba mbili na zilikuwepo. Unachohitaji ni kuinakili ya kushoto kwenda kulia:

ffmpeg -i asili.wav -af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0" mpya.wav

Kwa SoX: `sox asili.wav mpya.wav remix 1 1`. Kama sauti ipo kulia, weka `c0=c1|c1=c1`, au `remix 2 2`.

Zile alama za kufungia `"` si mapambo. Mstari wima `|` kwa bash (programu inayosoma amri zako kwenye terminali) maana yake ni kupeleka matokeo ya amri moja kwenye amri nyingine. Ukiuacha bila alama, bash inaikata amri yako vipande: ffmpeg inalalamika kwamba hujataja faili la kutoa, na bash yenyewe inasema `mpya.wav: command not found`. Nimeona mtu akiisakinisha ffmpeg upya mara tatu kwa sababu ya ujumbe huo. Kwenye Windows, katika cmd, tumia alama mbili za kufungia; ile moja moja cmd haiitambui.

Wapo wanaopendekeza kupunguza hadi mono kwa `-ac 1` kisha kurudi `-ac 2`. Njia hiyo inachanganya upande wenye sauti na upande mtupu, nusu kwa nusu, na sauti inashuka kwa dB 6. Upande "mtupu" ukiwa na mvumo, nao unaingia humo humo. Tumia pan.

Dalili: amri imekwisha bila kosa, lakini faili bado ni mono

Mara nyingi kuna `-c copy` ndani ya amri. Maana yake ni kuhamisha sauti bila kuifungua, na sauti isiyofunguliwa haiwezi kuongezewa chaneli. Ukiiweka pamoja na `-ac 2`, ombi lako la chaneli halifanyiwi kazi. Ukiiweka pamoja na `-af`, angalau utaambiwa wazi: `Filtering and streamcopy cannot be used together`. Kwa video, acha picha inakiliwe na sauti peke yake ndiyo iandikwe upya:

ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -c:a aac -b:a 160k -ac 2 video_stereo.mp4

Sababu ya pili ni mahali unaposikilizia. Hedifoni za Bluetooth zikiingia katika hali ya kupiga simu hucheza mono, hata faili liwe stereo namna gani. Simu nyingi pia zina kitufe cha sauti ya mono kwenye mipangilio ya usaidizi kwa watu wenye ulemavu wa kusikia. Kikiwashwa, pande zote huunganishwa. Usihukumu kwa masikio peke yake. Pima faili jipya kwa ffprobe.

Dalili: stereo imepatikana ila sauti imeshuka

Pima kabla na baada ya kugeuza:

ffmpeg -i asili.wav -af volumedetect -f null -

Linganisha `max_volume` ya faili asili na ya jipya. Tofauti ikiwa karibu dB 3, chanzo ni hesabu ya kugawa chaneli. Mono inaweza kuhesabiwa kama sauti ya katikati inayogawiwa spika mbili, kila moja ikipewa mara 0.707, na hiyo ndiyo dB 3. Pan niliyoionyesha hapo juu haina mgawo huo, inanakili sampuli kama zilivyo. Kwa sababu hiyo mimi nimeizoea hata kwa mono halisi na `-ac 2` siitumii sana.

Tofauti ikiwa dB 6, kuna mahali umechanganya upande wenye sauti na upande mtupu, au umetumia `amix`, ambayo kwa kawaida hupunguza kila ingizo kulingana na idadi yake.

Usikimbilie `volume=2` kufidia. Kama `max_volume` ya asili ilikuwa -2 dB, kuongeza dB 6 kutazikata ncha za mawimbi na mikwaruzo itabaki humo milele.

Dalili: ni stereo, lakini "haina upana"

Hii si hitilafu. Mono iliyonakiliwa pande mbili itasikika katikati ya kichwa, kama ilivyokuwa. Nyimbo za zamani za dansi na taarabu zilizorekodiwa kwa chaneli moja hazina mahali zilipoficha fidla kushoto na ngoma kulia. Ffmpeg haiwezi kuvumbua kile ambacho hakikurekodiwa. Kuthibitisha kwamba pande zako ni sawasawa:

sox mpya.wav -n oops stats

Amri hii inatoa tofauti ya kushoto na kulia. Ikijibu `-inf` kotekote, pande ni pacha. Hapo hata kichujio cha `extrastereo` hakitasaidia, maana kazi yake ni kukuza tofauti, na sifuri ukiikuza inabaki sifuri.

Ukitaka hisia ya upana, kuna mbinu ya kuuchelewesha upande mmoja kidogo. Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio huhesabu sauti mbili zinazofuatana kwa karibu sana kuwa ni moja, na huielekeza kule ilikotangulia kutoka.

ffmpeg -i asili.wav -af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0,adelay=0|15" pana.wav

Hapo kulia kumechelewa milisekunde 15. Kwenye hedifoni inapendeza. Kwenye redio ya spika moja, ambako pande huunganishwa tena, mawimbi ya 33 Hz, 100 Hz, 167 Hz na kuendelea hufutana, na msemaji anasikika kama anaongea ndani ya bomba. Kwa mahubiri, mihadhara na habari, usiifanye. Kwa muziki, hifadhi toleo lisiloguswa kando yake.

Dalili: kwenye hedifoni inasikika, kwenye simu ya spika moja inapotea

Kesi hii inastahili muda. Mara nyingi aliyerekodi hana habari, na wasikilizaji ndio wanaouliza kwa nini redio imenyamaza katikati ya ibada.

Mikseri nyingi hutoa sauti kwa njia ya waya mbili na wa ardhi: waya mmoja unabeba sauti, wa pili unabeba sauti ileile iliyopinduliwa. Ni mpango mzuri wa kuzuia mivumo, iwapo kifaa kinachopokea kinaujua. Sasa mtu ananunua waya wenye jeki kubwa ya pete mbili upande mmoja na jeki ndogo ya stereo upande wa pili, anachomeka mikseri kwenye kinasa sauti. Kinasa kinaona waya mbili, kinaamini ni kushoto na kulia. Faili linalotoka lina chaneli mbili, zote zina nguvu sawa, `stats` haioni tatizo, ila moja ni kinyume kamili cha nyingine. Ziunganishe, zinafutana.

Kwenye hedifoni utahisi sauti iliyo wazi katikati, kama inatokea nyuma ya masikio. Kipimo chake:

ffmpeg -i asili.wav -af "pan=mono|c0=0.5*c0+0.5*c1,volumedetect" -f null -

Kama faili lenyewe lilikuwa na kilele cha -6 dB na muungano huu unajibu -50 au chini zaidi, umempata mkosaji. Jibu la -91 dB kwenye faili la biti 16 ni ukimya mtupu.

Dawa nyepesi ni kuchukua upande mmoja na kuunakili, kwa pan ileile ya `c0=c0|c1=c0`. Ukitaka kubaki na zote mbili, pindua moja:

sox asili.wav mpya.wav remix 1 2v-1

Kwa ffmpeg ni `pan=stereo|c0=c0|c1=-1*c1`. Fanya kipimo tena baada ya kurekebisha. Kama muungano bado unapungua sana, kuna jambo jingine humo, pengine maikrofoni mbili zilizowekwa umbali tofauti, na upinduaji hautatosha.

Kisha badilisha waya, la sivyo Jumapili ijayo utarudi palepale. Na hapa ndipo pa kumwita fundi wa sauti badala ya kujaribujaribu: usichomeke kinasa, simu wala kompyuta kwenye tundu la amplifaya linaloendesha spika. Umeme wa pale umekusudiwa kusukuma spika na unaweza kuunguza tundu la kifaa chako. Vilevile, kama mikseri ina kitufe cha 48V kimewashwa na hujui kinalisha nini, usichomeke wala kuchomoa kitu mpaka anayejua afike.

Dalili: msemaji anaongea mbio na faili limekuwa nusu ya urefu

Karibu kila mara ni faili ghafi lisilo na kichwa, kama `.raw` au `.sln` za mitambo ya simu. Ndani yake hakuna maelezo yoyote, ni namba tupu, na programu inaamini unachoiambia. Ukisema ni stereo wakati ni mono, sampuli moja inapelekwa kushoto na inayofuata kulia, na muda unakatwa nusu.

Katika ffmpeg mahali pa maelezo ni muhimu: yaliyo kabla ya `-i` yanahusu faili linaloingia, yaliyo baada yake yanahusu linalotoka. Faili la `.sln` la kawaida ni biti 16, sampuli 8000 kwa sekunde, chaneli moja:

ffmpeg -f s16le -ar 8000 -ac 1 -i simu.sln -ac 2 simu.wav

sox -t raw -r 8000 -e signed -b 16 -c 1 simu.sln -c 2 simu.wav

Ukisikia mikwaruzo mitupu kama mvua juu ya bati, aina ya usimbaji siyo. Jaribu `-f mulaw` au `-f alaw`, ambazo mitambo ya simu huzitumia sana.

Dalili: mahojiano ya maikrofoni mbili yamerundikana katikati

Ulikuwa na faili la mwuliza maswali na la mjibu, ukatumia `amix`. Hiyo inachanganya, haipangi pande. Tumia:

ffmpeg -i muulizaji.wav -i mjibu.wav -filter_complex "[0:a][1:a]amerge=inputs=2[a]" -map "[a]" mazungumzo.wav

Au kwa ufupi zaidi, `sox -M muulizaji.wav mjibu.wav mazungumzo.wav`. Zina tofauti mbili. Amerge husimama faili fupi linapokwisha, kwa hiyo mwisho wa mazungumzo unaweza kukatika. SoX hujaza ukimya na kuendelea. SoX nayo hukataa mafaili yenye kasi tofauti za sampuli, kwa mfano moja 44100 na jingine 48000, wakati ffmpeg huyalinganisha yenyewe.

Usiwape wasikilizaji mazungumzo yaliyotenganishwa kabisa, mmoja kushoto na mwingine kulia. Yanachosha. Wasogeze katikati kidogo:

sox mazungumzo.wav laini.wav remix 1v0.7,2v0.3 1v0.3,2v0.7

Kama mwanzoni wanakwenda sawa na mwisho wa saa mmoja anaanza kujibu kabla hajaulizwa, vinasa viwili vilikuwa na saa za ndani zisizolingana. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inazaa sekunde 0.18 kwa saa moja, na hiyo tayari inasikika. Hapo acha mstari wa amri. Fungua Audacity uione kwa macho, au mpe mhariri wa sauti mwenye uzoefu, kwa sababu kubahatisha namba za kunyoosha muda kutakumalizia siku.

Dalili: folda nzima imegeuzwa vibaya, au faili la kwanza tu ndilo lililopita

Ukiendesha ffmpeg ndani ya `while read`, inakula orodha ya majina iliyokusudiwa kwa mzunguko, kwa kuwa nayo husubiri vitufe kutoka kwenye kibodi. Matokeo yake ni faili moja kushughulikiwa, au majina kupoteza herufi za mwanzo. Weka `-nostdin`.

Majina yenye nafasi, kama yale ya WhatsApp yanayopakuliwa kwenye kompyuta, hukatika vipande usipoweka `"$f"` ndani ya alama za kufungia. Rekodi za WhatsApp zenyewe ni Opus ya chaneli moja, ffmpeg inazifungua bila taabu.

Hatari kubwa zaidi iko kwingine: ile pan ya kunakili kushoto, ukiipitisha kwenye stereo ya kweli, inafuta upande wa kulia kimyakimya. Kwenye folda mchanganyiko, acha mzunguko uulize kwanza:

mkdir -p stereo
for f in *.wav; do
n=$(ffprobe -v error -select_streams a:0 -show_entries stream=channels -of csv=p=0 "$f")
if [ "$n" = "1" ]; then
ffmpeg -nostdin -i "$f" -af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0" "stereo/$f"
fi
done

Zile zenye chaneli mbili zitabaki, uzikague moja moja kwa `stats`. Kama rekodi zako ni za biti 24, ongeza `-c:a pcm_s24le`. Bila hiyo, ffmpeg inaandika WAV ya biti 16 pasipo kukuuliza.

Dalili: rekodi ndefu imekatika au diski imejaa

Mono ya 44100 Hz, biti 16, hula baiti 88,200 kwa sekunde, yaani karibu MB 318 kwa saa. Stereo ni mara mbili. WAV ya kawaida haivuki GB 4, na stereo ya kiwango hicho inafika ukomo kwenye saa 6 na dakika 45 hivi. Mkutano wa saa nane uliokaa vizuri ukiwa mono utakwama ukiwa stereo. Andika FLAC badala ya WAV, au ongeza `-rf64 auto` kwenye ffmpeg.

Kwa MP3, swali ni kama kweli unahitaji stereo. Kila kugeuza ni kuandika upya na kupoteza kidogo. Kama mfumo wa mpokeaji unakubali mono, mpe mono.

Ujumbe mwingine unaotisha watu

`no handler for file extension 'mp3'` kutoka SoX: sakinisha `libsox-fmt-mp3`. Ikisema hivyo kwa m4a, pitia ffmpeg kwanza.

`Guessed Channel Layout for Input Stream`: faili halikutaja mpangilio wa chaneli, ffmpeg imekisia. Endelea na kazi.

`command not found`, au kwenye Windows `is not recognized as an internal or external command`: programu haipo, au ipo mahali ambapo terminali haipatazami.

`moov atom not found`: rekodi ya M4A au MP4 haikufungwa vizuri, labda betri ilikata moto. Kugeuza chaneli hakutaitibu. Usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo.

`Input/output error` wakati wa kusoma kadi au diski: simama mara moja. Kifaa kinakufa, na kila jaribio linakipunguzia pumzi. Kama rekodi haina nakala nyingine, kipeleke kwa mtu wa kuokoa data kikiwa kimezimwa. Na rekodi inayotarajiwa kutumika mahakamani au polisi usiiguse kabisa, hata kuinakili upande. Mkabidhi mtaalamu wa uchunguzi kifaa kilichorekodi, na faili likiwa lilivyo, hata kama linasikika sikio moja.